Hakuna Aliye Juu ya Kikohozi

Kwa mamlaka aliyopewa na Bodi, na kwa mengine aliyojiongezea mwenyewe, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Mabasi ya Umma aliutangazia ulimwengu Jumatatu asubuhi kwamba ugonjwa umepigwa marufuku kupanda basi. Aliyasema hayo mbele ya rundo la vipaza sauti, barakoa kaishushia kidevuni ili wananchi wamwone vizuri anapowaamuru wavae barakoa.

"Shirika halitakubali," alisema, "virusi visafiri kwenye vyombo vyake bila kufuata utaratibu."

Makofi yakapigwa. Waliopiga ni wakuu wa idara, ambao kupiga makofi kumo katika majukumu yao ya kazi.

Hotuba iliandikwa na Katibu wa Kamati ya Kikohozi, na tusimnyime haki yake, mwanamke yule alijua kuandika. Pale ambapo wewe na jirani yako mngesema basi limekufa, yeye aliandika "chombo kimeingia katika kipindi cha tafakari". Miaka yote aliyofanya kazi pale aliamini kwamba jambo likishaandikwa vizuri limeshafanyika nusu. Nusu ya pili ni muhuri, na muhuri alikuwa nao yeye, mkobani, ameufunga kwenye leso.

Kazi yake bora kuliko zote ilikuwa Waraka wa Kikohozi. Abiria yeyote akikohoa, ulisema Waraka, dereva afunge milango, apandishe vioo, asisimame popote mpaka Kituo cha Uangalizi, pamoja na abiria wote waliomo, maana kikohozi hakichagui jirani. Dereva mwenyewe alitengwa na karatasi ya nailoni, na nailoni, kwa mujibu wa Waraka, haiambukizwi. Huko Kituoni abiria watakaa wiki mbili. Wakimaliza, Kamati itaketi ana kwa ana na kuwaachia. Asiyemaliza hatoki, awe nani. Hayo maneno mawili ya mwisho aliyaongeza Mkurugenzi kwa kalamu yake, akayapigia mstari.

Kituo cha Uangalizi kilikuwa na vitanda mia mbili vya kisasa. Hivyo ndivyo ilivyotangazwa. Kwa macho matupu kilikuwa uwanja ule ule wa nyuma ya karakana ambako mabasi ya Shirika hupelekwa kutafakari milele, na vitanda vilikuwa viti vya mabasi hayo. Ugonjwa nao, nje ya hotuba, ulikuwa wa kweli. Watu walikuwa wanakufa na hospitali zimefurika. Lakini hospitali ni wizara nyingine.

Wiki ya kwanza ya Waraka, mama mzazi wa Katibu alipanda basi kwenda sokoni. Akakuta jitu zima, bwana mwenye afya zake, limejibwaga kwenye kiti cha wazee linachezea simu. Mama akasafisha koo, kama wafanyavyo watu wenye adabu kabla ya kumsema mtu. Hakuwahi kufika kwenye neno "mwanangu". Milango ilishafungwa, na basi zima likaanza kumlaani yeye badala ya lile jitu.

Katibu alipopata habari aliketi chini. Kisha, Mungu amsamehe, akajifariji kwa vile vitanda mia mbili. Alikuwa ameviandika vizuri kiasi kwamba alishaanza kuviona. Kesho yake akaenda mwenyewe, akasimama kwenye uzio wa waya, akaona kilichokuwepo.

"Mama, wanakulaza wapi?"

"Kwenye lile la hospitali." Mama alinyoosha kidole kuelekea basi lisilo na matairi, lililobaki na maandishi HOSPITALI KUU juu ya kioo cha mbele. "Nimelipanda tangu jana, mwanangu, bado sijafika."

Katibu hakucheka. "Na vidonge vya presha?"

"Nilivyokuwa navyo kwenye pochi tu. Vinakwisha."

Katibu akampa mlinzi wa geti pakiti ya vidonge ampitishie. Mlinzi alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya taratibu na kofia iliyomzidi kichwa. Akaigeuza geuza pakiti, akairudisha.

"Chakula pitisha, mama. Nguo pitisha. Dawa hapana."

"Kwa nini?"

"Dawa ni ya mgonjwa. Humu hamna mgonjwa. Nina karatasi inasema hivyo."

Akaitoa mfukoni, imekunjwa vizuri. Ilikuwa ni ripoti ya Shirika kwa vyombo vya habari: idadi ya wagonjwa katika huduma zetu zote ni sifuri. Katibu aliitambua tangu mstari wa kwanza, maana aliitunga yeye, na jioni ile alipoitunga alijisifu kwa neno "zote".

Siku iliyofuata alificha kidonge ndani ya mkate. Mlinzi akaukata mkate vipande vipande, kwa heshima zote, akakikuta, akakirudisha kimefungwa kwenye karatasi. Baada ya hapo Mama akawa anakuja kwenye uzio ameshika kichwa. Alisema kinagonga kama mtu anabomoa ukuta. Wiki mbili zikapita, na ya tatu ikaanza, na hakuna aliyemwachia.

Katibu akapanda kwenda kwa Mkurugenzi. Kiti cha mgeni kilikuwa kimesogezwa mbali na meza, kwa ajili ya usalama, hata ikabidi mtu apaze sauti ndipo asikike.

"Mkuu, mama yangu yuko Kituoni."

"Hongera. Mpe salamu."

"Wiki mbili zake zimekwisha. Kamati ikae, imwachie yeye na wenzake."

"Kamati ikae?" Mkurugenzi akamtazama kama mtu aliyeombwa figo. "Wewe si ndiye uliyeandika ule waraka mwingine, wa kukataza vikao?"

"Niliandika, Mkuu. Wewe ukasaini."

"Basi."

"Tukae kwa simu?"

"Ana kwa ana, Waraka unasema. Utapiga muhuri kwenye simu?"

"Mkuu, yule mama ana presha. Hapati dawa. Anaweza kufa."

Mkurugenzi akaegemea kiti, akaunganisha vidole. "Katibu, sheria ni msumeno. Inakata mbele, inakata nyuma. Nikimtoa mama yako leo, kesho nitaombwa kumtoa mama wa nani? Halafu usimwambie mtu kwamba kuna mgonjwa kule. Utatuharibia sifuri." Akavuta karatasi. "Tuongee mambo ya maana. Alhamisi kuna Safari ya Mfano. Mimi na Kamati nzima tutapanda basi, wananchi watuone hatuogopi. Niandikie hotuba."

"Kamati nzima? Si mikusanyiko imekatazwa?"

"Vikao vimekatazwa. Safari haijakatazwa."

"Basi humo humo ndani ya basi, Mkuu, dakika moja tu, mnainua mikono, mama anatoka."

"Ndani ya basi tutakuwa tunapunga," alisema Mkurugenzi. "Mkono mmoja haufanyi kazi mbili."

Katibu akashuka ngazi amekasirika. Alikuwa hajawahi kukasirikia kitu alichokiandika mwenyewe. Akaketi, akaandika hotuba, na kwa kuwa mazoea ni mazoea akaitilia mstari wa nguvu mwishoni. Mkurugenzi alipousoma aliupenda, akaufanyia mazoezi mbele ya kioo.

Alhamisi ikafika. Basi la mfano lilikuwa jipya, na watu wa usafi walikuwa wamelipulizia dawa ya kuua wadudu mara tatu badala ya mara moja, kwa heshima ya cheo. Viti vilikuwa vimebandikwa alama za kuachiana nafasi. Kamati ikazikalia alama hizo na wote wakabanana upande wa kamera. Waandishi wa habari wakajipanga kwenye pikipiki, tayari kulifuata. Kwenye usukani alikaa dereva waliyemwita Breki, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akizitumia bila ya kuamriwa.

Mkurugenzi akasimama mlangoni, akamwita dereva huyo kwa sauti ili vipaza sauti visikie.

"Dereva, mtu akikohoa humu utafanya nini?"

"Nafunga milango, napeleka Kituoni, bosi."

"Akikohoa waziri?"

"Napeleka."

"Nikikohoa mimi?"

Breki akasita, akamtazama Katibu aliyesimama pembeni. Mkurugenzi akacheka cheko la kibaba, akamaliza hotuba yake kwa ule mstari. "Utanipeleka! Kwa maana hakuna aliye juu ya kikohozi."

Makofi. Milango ikafungwa, vioo vikapandishwa, basi likaondoka, na Katibu akafuata kwa gari dogo la ofisi. Hawakuwa wamevuka mzunguko wa pili simu yake ikalia.

"Katibu," ilikuwa sauti ya Breki, chini chini. "Bosi amekohoa."

"Una hakika?"

"Ile dawa imemshika kooni. Anakohoa mpaka machozi. Na waandishi wanapiga picha dirishani. Sasa anaipiga nailoni ngumi, anasema nisimame. Nisimame?"

Neno moja tu lingetosha. Kibao chake cha ofisini, marupurupu yake, pensheni yake, vyote vilikuwa vinalingoja neno hilo. Katibu akamkumbuka mama yake ameshika kichwa kwenye waya.

"Waraka unasemaje?"

"Nisisimame, awe nani."

"Basi, kaka, usisimame."

Alipokata simu aliogopa. Halafu akagundua kwamba amefurahi, furaha ya wazi kabisa, wala hakuiombea radhi.

Kufika Kituoni, geti lilishafunguliwa na kufungwa tena. Kamati nzima ilikuwa imesimama uwanjani katikati ya mizoga ya mabasi, suti zimewajaa vumbi, na Mkurugenzi anamkoromea mlinzi.

"Mimi ndiye Mkurugenzi Mkuu!"

"Karibu, bosi," alisema mlinzi. "Wote wakifika huwa wanasema wao ni watu fulani. Hasira ikipoa, maji yako pale."

"Nionyesheni vitanda. Hapa kuna vitanda mia mbili vya kisasa."

Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi ya basi lake, uso umemvimba kwa kukosa usingizi. Mkurugenzi akamwamkia shikamoo, maana hata mkubwa akibanwa hukumbuka malezi.

"Marahaba, baba. Vitanda ndivyo hivyo. Ila safu ya nyuma usilale, ina chuma kinachoma mbavu."

Ndipo Mkurugenzi akamwona Katibu nje ya uzio, akakimbilia waya. "Katibu! Una muhuri?"

"Ninao, Mkuu."

"Andika. Kamati imeketi."

"Ana kwa ana?"

"Si unatuona?"

"Na lile katazo la vikao?"

"Limefutwa! Hivi sasa! Andika!"

Katibu akatoa kalamu, akaandika juu ya boneti la gari bila haraka. "Akidi imetimia?"

"Imetimia, tumebanana kama dagaa!"

"Hoja?"

"Watu wote waachiwe."

"Wote waliomaliza wiki mbili," alisahihisha Katibu. "Asiyemaliza hatoki, awe nani. Umepigia mstari."

Mkurugenzi akafungua kinywa, kikohozi kikamwahi. Alipopata pumzi alikuwa amepiga hesabu zake: tuanze na hawa, kisha sisi tupitie mlango huo huo. "Sawa, hao kwanza. Wanaokubali?"

Mikono yote ikainuka, upesi kuliko siku yoyote ya posho. Katibu akapitisha karatasi kwenye tundu la waya, Mkurugenzi akasaini, ikarudi, muhuri ukagonga. Mlinzi akaisoma yote, akafungua geti. Mama akatoka na kundi lake, na lile jitu la kiti cha wazee likiwa nyuma kabisa, limekonda, limembebea mzigo wake.

Katibu akamkumbatia mama yake kwa muda mrefu, akamfungulia chupa ya maji. Hatua chache nje ya geti, mahali ambapo mtu anaruhusiwa kuumwa, Mama akameza kidonge chake.

"Sasa sisi!" aliita Mkurugenzi. "Hoja ya pili! Kufuta kile kipengele cha wiki mbili!"

"Siwezi kuipokea, Mkuu. Mjumbe hapigi kura kwenye jambo lenye maslahi yake. Na nyie nyote ni wa basi moja."

"Nani kasema?"

"Kanuni za Kamati. Zilikusumbua ulipotaka kumpa shemeji yako zabuni ya nailoni."

Mmoja wa wajumbe akaangalia chini. Mwingine akaanza kutembea taratibu kuelekea basi la HOSPITALI KUU, kuwahi nafasi ya mbele. Mkurugenzi akatikisa waya, akatishia kumfukuza Katibu kazi, kisha akakohoa tena, kikohozi kikavu cha mtu aliyemeza dawa ya mende. Sauti iliporudi ilikuwa ndogo.

"Basi angalau niletee dawa ya kikohozi."

Katibu hakuwa mtu mwenye roho mbaya. Alikwenda duka la dawa lililokuwa ng'ambo ya barabara, akarudi na chupa, akamkabidhi mlinzi. Mlinzi akaigeuza geuza, akairudisha kwa mikono miwili.

"Samahani, mama. Dawa ni ya mgonjwa. Humu hamna mgonjwa."

"Mpumbavu gani kaandika hivyo?" aliuliza Mkurugenzi, mdomo umegusa waya.

Mlinzi akaitoa ile karatasi mfukoni, akaifungua, akatafuta chini kabisa kwenye saini.

"Kuna mtu huko makao makuu anajiita Mkurugenzi Mkuu," alisema. "Ukitoka, bosi, mwambie."