Simu Isiyonitambua Nikiwa na Meno

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni Iliyotengeneza Simu Yangu.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: SIMU KUMKANA MWENYE SIMU

Kwa heshima zote, na kwa hasira ninayojitahidi kuibana hadi ukurasa wa pili, naomba kukufikishia malalamiko yangu. Mimi ni karani mstaafu wa masijala. Kwa miaka thelathini na moja nilitunza majalada ya watu, na hakuna aliyepita mbele ya meza yangu bila kuthibitisha kuwa yeye ni yeye. Leo, nikiwa na miaka sabini na mbili, natakiwa kujithibitisha mbele ya simu ninayoichaji mwenyewe.

1. Simu hii nilipewa na binti yangu mwezi uliopita. Hufunguka kwa kumtazama mtu usoni. Niliionyesha uso wangu asubuhi nikiwa bado kitandani, meno yangu ya bandia yakiwa kwenye glasi ya maji. Tangu siku hiyo imeshikilia sura hiyo hiyo. Nikivaa meno inanikana mchana kweupe: "Sura haitambuliki." Nikiyavua inafunguka bila kinyongo. Juzi kwenye foleni ya zahanati nilivua meno mbele ya wauguzi watatu ili nisome ujumbe. Mmoja alinisogezea kiti, akidhani nimezidiwa.

2. Binti yangu ana wasiwasi kwa kuwa naishi peke yangu. Juzi aliagiza kwamba kila asubuhi nimtumie picha ya uso wangu. Zikipita siku tatu bila picha, anakuja na lori kunihamishia kwake, kwenye chumba wanachopigia nguo pasi. Sasa tazama mtego nilionaswa. Ili simu ifunguke, nivue meno. Ili nipige picha ya kumtuliza binti, nivae meno, maana akiniona kibogoyo lori litakuja siku hiyo hiyo. Lakini meno haya yanabana, huingia kwa mbinde na kwa vidole viwili, na kabla hayajakaa sawa simu imekwisha kujifunga. Navua tena. Inafunguka. Navaa. Inajifunga. Jana nilianza saa moja asubuhi nikaacha saa nne, fizi zikiwaka moto.

Leo ni siku ya tatu, Ndugu Mkurugenzi. Nami naipenda nyumba hii. Marehemu mke wangu ndiye aliyechagua rangi ya mlango, nikagombana naye wiki nzima, akashinda. Sitaki kwenda kuzeekea kando ya pasi.

3. Nimeipa simu kila nafasi. Nimeionyesha kitambulisho, barua ya kustaafu, na hati ya kiapo yenye muhuri. Nikaiitia mashahidi wawili, fundi cherehani wa jirani na shemeji yangu. Shemeji aliiinamia akaiambia, "Huyu namjua tangu ana nywele." Simu ikatetemeka tu.

4. Fundi viatu wa mtaani kwetu, ambaye hana jino hata moja la kusingiziwa, aliichukua aitazame. Ikamfungukia! Mtu ambaye hatuna naye hata undugu wa mbali. Sasa nikitaka kusoma ujumbe nikiwa na meno, humwendea yeye anifungulie, naye hunisomea kwa sauti mbele ya wateja. Asubuhi, saa ya picha, kibanda chake huwa bado kimefungwa.

5. Msinijibu kwamba nitumie namba ya siri. Namba ipo. Niliitia kwenye bahasha, nikaifunga kwa lakiri na kuipiga muhuri wa SIRI SANA. Tangu nistaafu sina mamlaka ya kufungua bahasha ya daraja hilo, na aliyechukua nafasi yangu masijala hapokei simu zangu.

Kwa hiyo naomba yafuatayo: kwanza, simu ifundishwe kwamba meno ni mali halali ya mtu hata yakitengenezwa. Pili, kabla ya kumkataa mtu isikilize mashahidi. Tatu, mtume ofisa wenu aje aishi hapa wiki mbili, asubuhi avae sura yangu na jioni aivue, mpaka simu izoee. Nne, hayo yakishindikana, mniandikie barua rasmi ya kunieleza mimi ni nani, ili nami nifungue jalada langu upya.

Wasalimie wahandisi wote, walinzi wa getini, na hasa yule aliyeitia simu jicho. Mwambie sina ugomvi naye binafsi.

Wako anayesubiri kutambuliwa,
Karani Mkuu wa Masijala (mstaafu)

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha ya barua hii fundi wa meno alipobisha hodi huku anatoka jasho. Meno niliyovaa tangu aliponikabidhi mwezi wa pili si yangu. Ni ya mwalimu mstaafu wa kwaya aliyefuatana naye, ambaye kwa muda wote huo amevaa yangu na kuimba kwa miluzi. Tumebadilishana pale pale mlangoni, baada ya kuyachemsha. Nimevaa yangu, na simu ikafunguka kabla sijaiweka sawa. Kumbe ndiyo pekee iliyogundua. Mimi, shemeji, fundi cherehani na hati ya kiapo, sote tulishuhudia uongo. Malalamiko ya 1 hadi 5 nayafuta. Barua naituma kwa sababu stempu imekwisha kubandikwa.

Picha nimempelekea binti yangu. Amejibu: "Baba! Nilipokuja mwezi uliopita nilirudi nalia njia nzima, nikidhani unaniondokea, sura ilikuwa si yako. Huyu sasa ndiye wewe. Lori nimelirudisha, kaa kwako." Nimeusoma ujumbe huo mara sita, na mara zote sita simu imenifungukia.