Kiwiko cha Papi

Jumatano, 8 Julai
Nafasi ya saba kati ya nane. Si haba! Wa mwisho ni shemeji yangu Eudocio, pointi tisa nyuma yangu. Ligi yetu ni ya kwenye simu: kila mtu ana kikosi chake cha wachezaji wa besiboli wanaocheza Marekani, wakitamba kule, sisi tunapata pointi hapa San Pedro. Jumapili ni nusu msimu. Atakayeshika mkia atavaa kofia ya bluu ya timu ya Licey, watani wetu wa jadi, mpaka Oktoba. Mimi, kinyozi, mbele ya wateja! Bora ninyolewe kavukavu.

Alhamisi, 9 Julai
Habari za ndani! Nilikuwa dukani nanunua mchele, nyuma yangu doña Nereida, mama yake Deivinson Cuevas. Cuevas, kijana wa hapa hapa, ndiye mrushaji mpira wangu bora. Nimemsikia kwa masikio yangu: "Papi kiwiko kimemvimba jamani, hata kijiko hashiki." Papi wake ni nani kama si mwanawe? Nikauacha mchele kaunta. Wachambuzi wa mtandaoni hawajui lolote! Mkakati: uza mgonjwa kabla hajatangazwa.

Ijumaa, 10 Julai
Eudocio amenasa. Amemchukua Cuevas, amenipa chipukizi Ramsés Polonia, miaka kumi na tisa, anayesifiwa kila mahali. Nikamwambia nafanya hivi kwa ajili ya undugu. Akanikumbatia. Nilijisikia vibaya, kama dakika mbili hivi.

Jumapili, 12 Julai
Kiwiko gani? Cuevas amerusha vipindi vyote tisa, hakuna aliyeugusa mpira vizuri, kumi na wanne wamepiga hewa. Pointi zote za Eudocio, na mkia sasa ni wangu. Polonia je? Amechanika msuli wa paja akishangilia hom ran ya mwenzake, pigo la kuvusha uzio.

Nikaenda kwa doña Nereida kudai maelezo. Barazani nikamkuta mumewe, mkono umefungwa bendeji. Ameanguka na pikipiki. Papi! Huku kwetu mwanamke humwita papi mwanawe, mumewe, baba yake, hata muuza parachichi. Nimezaliwa hapa, nina miaka arobaini na saba, nilipaswa kujua. Doña akaniuliza, "Sasa papi, unalia nini?"

Jumatatu, 13 Julai
Eudocio amenivisha kofia mwenyewe, kwa mikono miwili, kama askofu. Akasema, "Imekukaa, shemeji. Usiivue hata ukioga." Mteja wa kwanza alichungulia mlangoni, akaomba radhi, akaondoka. Aibu tupu.

Nimetafakari sana. Kosa langu liko wazi: nilimsikiliza mama. Mama ana huruma tu. Anayejua mambo ni shangazi. Na bahati iliyoje! Mchana shangazi yake Almonte, mpigaji mpira pekee niliyebaki naye wa maana, amepita hapa akilalamika: "Mfalme wangu goti limekwisha, hata ngazi hapandi."

Nimemtoa Almonte saa nane na dakika tano. Eudocio amempokea bila kuuliza swali. Mjinga yule!