Gugu Lililokataa Kuchanua

Jumatatu, 3 Februari 2025

Miaka minne na ushei nalea gugu. Baba, mkulima wa viazi kule mkoani Friesland, huling'oa gugu hilihili kwenye matofali ya uani kwetu. Leo nikamweleza tena kwa simu: ni dogo, linakua upesi, wiki sita tu kutoka mbegu hadi mbegu, ndiyo maana wanasayansi hulitumia kuchunguza jeni za mimea. Kisha akauliza kama linaliwa.

Mkataba wangu wa maabara unakwisha mwezi ujao. Nafasi iliyobaki ni moja, nasi tuko wawili: mimi na mwenzangu Marloes. Gugu lake humtii.

Nimepata njia. Gugu hili huchanua upesi siku zikiwa ndefu. Likipunjwa mwanga hubaki majani matupu. Katika chumba cha taa kuna rafu tatu, kila moja na saa yake ya kuwasha na kuzima taa. Yangu ni ya juu kabisa, ya Marloes ya chini, ya tatu. Nimeibadilisha saa namba tatu: taa zizime saa kumi alasiri badala ya saa sita usiku.

Dhamiri ilinisuta hadi saa tisa. Saa tisa alasiri nikawahi treni, kama kawaida.

Alhamisi, 27 Februari

Rafu ya Marloes imejaa maua meupe, kama chumvi iliyomwagika. Yangu majani tu. Miche arobaini, hakuna hata mmoja uliotoa kikonyo cha maua. Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sina hata nguvu ya kulaani.

Baadaye, ndani ya treni, wazo. Mbegu zile nilizitia dawa ya kuvuruga jeni mwaka jana. Huenda nimepata gugu lisilojua kuchanua. Huenda mimi ni mtu mkubwa.

Jumatatu, 3 Machi

Nimemwambia Profesa Terpstra, mkuu wa maabara, kwamba nimeipata jeni inayoamrisha maua. Akavua miwani, akanishika bega. Hajawahi kunishika bega. Jeni nimeipa jina la Mama, Hinke. Mama akamwambia mwoka mikate. Kufikia adhuhuri kijiji kizima kilikuwa na habari.

Ijumaa, 7 Machi

Kikao cha maabara. Nikaonyesha picha. Wakapiga makofi.

Mzee Harm, fundi wa vyumba vya mimea, akanyoosha mkono. "Wytze, mwanangu, ile saa utairudisha lini? Taa zako zinazima saa kumi kila siku. Nikadhani ndilo jaribio lenyewe."

Nikamjibu kwamba saa ya rafu yangu sijaigusa, niliyogusa ni ya tatu. Nililisema hilo kwa sauti, mbele ya watu kumi na wawili.

Mzee Harm akaeleza, bila kejeli, kwamba rafu huhesabiwa kutoka chini.

Marloes akanigeukia. "Na wewe ya tatu ulidhani ni ya nani?"

Profesa akavaa miwani yake.

Jumapili, 9 Machi

Nyumbani. Mama alikuwa ameshaoka keki, juu yake ameandika HINKE kwa sukari. Nilipomweleza, akaikata. Nikapewa kipande chenye H.

Baba akasema afadhali viazi. Kiazi kikikataa kuota hakikuaibishi hadharani.

Sikulala vizuri. Nina miaka thelathini na mmoja, na gugu limenishinda.

Jumatano, 12 Machi

Nafasi amepewa Marloes. Ni haki yake. Tena ndiye aliyeniombea kwa Profesa nisifukuzwe: nimeongezewa miezi miwili, nimsaidie kupanga mbegu zake.

"Kukosea ni kwa wanadamu, Wytze," akaniambia. "Ila saa usiziguse tena."

Nikaapa kutoka moyoni. Machozi yalinilengalenga. Tangu leo mimi ni mtu mpya.

Mbegu zake ni kama vumbi. Bahasha mia mbili, na kwa macho hazitofautiani hata kidogo. Kinachozitambulisha ni kibandiko peke yake. Vibandiko vyote ameviandika kwa penseli.

Nikielekea stesheni nimepita dukani. Nimenunua kifutio.