Bweni la Ng'ambo ya Seng'enge

Kwa Mkurugenzi Gordon Ogola,
Shule ya Kutwa na Bweni ya Pambazuko la Ziwa,
Sindo.

Mheshimiwa Mkurugenzi na jirani yangu,

KUH: HISTORIA YENU, DHAMIRA YENU, NA MTOTO WANGU LYNNET

Najua u mzima, maana nimekusikia asubuhi hii ukiifokea kwaya. Mimi ni Marion Awuor, yule mjane anayeanika omena, dagaa wa ziwani, upande huu wa seng'enge yenu. Najitambulisha kwa sababu kijitabu chenu kipya cha historia ya shule hakinijui, na huenda hata wewe umeanza kukiamini. Nimekisoma chote, nikakirudia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kijitabu kinasema ulipata maono ukiwa peke yako katika pori lenye fisi, ukaanzisha shule papo hapo. Bwana Mkurugenzi, pori hilo lilikuwa banda la nyavu la marehemu mume wangu. Alikuazima kwa muhula mmoja. Mimi ndiye niliyefagia magamba ya samaki ili watoto wapate pa kukaa, na ubao wenu wa kwanza ulikuwa mlango wa jiko langu. Kwa kuwa tulioishi hapo tulikuwa wawili tu, mimi na mume wangu, naomba toleo lijalo litaje ni nani kati yetu aliyekuwa fisi.

2. Dhamira yenu, iliyoandikwa ukutani kwa herufi za kumtisha ng'ombe, ni kumtoa mtoto gizani na kumleta kwenye nuru. Maneno matamu. Lynnet alipohamia bwenini alitoka nyumba yenye taa ya sola, akaingia nyumba ambayo stima hupotea wingu likionekana tu. Jenereta yenu huwashwa wageni wakija. Naomba nionyeshwe nuru inaanzia wapi hasa, nisije nikaikanyaga nikigeuza omena.

3. Mmeweka kanuni kwamba kila mtoto wa gredi ya sita lazima alale bwenini, asipoteze muda njiani. Njia ipi? Lynnet alikuwa akisikia kengele ndipo anamalizia chai, na bado anamtangulia mwalimu darasani. Watoto wa Mbita na wa kule Kegonga nawaelewa. Wangu ametengwa na mamaye kwa sababu ya umbali ambao kuku wangu huuvuka mara kumi kwa siku. Akikohoa namsikia. Nikimpa pole kupitia seng'enge, matroni wenu Millicent ananieleza, kwa adabu zote, kwamba wazazi hawaruhusiwi kuwasiliana na wanafunzi katikati ya muhula.

4. Siku ya kuwatembelea watoto, wenzangu walishuka magarini. Mimi niliizunguka seng'enge yote hadi lango kuu, ambako askari wenu Mayaka alinipekua kikapu na kunipa pole ya safari. Chapati zangu zilizuiwa, kwamba chakula cha nje huleta maradhi. Jioni hiyo watoto walilishwa omena, na omena hiyo mliinunua kwangu. Nilicheka hadi nikalia, na sitaki kukudanganya, kulia kulizidi. Fadhila za punda ni mateke, lakini mimi sikujua ningejengewa zizi lake mlangoni.

5. Kwa kuwa kanuni ya shule haivunjwi, naomba seng'enge isogezwe ipite nyuma ya choo changu, na nyumba yangu itangazwe kuwa bweni. Lynnet atakuwa amelala bwenini kama mtakavyo, nami nitakuwa nimelala na mtoto wangu. Kengele yenu naitii tayari, sina namna. Sare nitavaa ikibidi.

6. Mkikataa, nitafungua shule yangu ya kutwa na bweni hapa hapa penye omena. Historia yake itasema niliikuta Sindo tupu, hapana mtu ila Mkurugenzi mmoja aliyezurura akitafuta banda la kuazima. Dhamira yake itakuwa kumrudisha kila mtoto kwa mamaye kabla ya chakula cha jioni. Wewe nitakualika uje uombe dua ya ufunguzi, ila utaingilia lango kuu, na kikapu chako kitapekuliwa.

Bwana Gordon, niseme wazi. Nyumba imekuwa kubwa mno. Bado napika ugali wa watu wawili. Namtaka mtoto wangu.

Nisalimie walimu wote, wapishi, Millicent, Mayaka pale langoni, na yule mbuzi wa shule anayekula sukuma wiki yangu bila ruhusa ya mzazi.

Ni mimi jirani yako, ambaye hujamwandika popote,
Marion Awuor (Mama Lynnet).

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha, Lynnet ameruhusiwa kuja kuchukua blanketi. Nilimsomea barua hii nikidhani atafurahi. Badala yake alinisihi nisimtoe bwenini. Kitanda chake kiko kati ya vya wasichana wawili, na taa ikizimwa wananong'onezana hadithi hadi wanakemewa. Hapa kwangu hakuwahi kuwa na wa kunong'onezana naye. Ni mtoto wa pekee, na mimi nilikuwa nikilala mapema. Alinikumbatia, akachukua blanketi, akaondoka mbio. Basi usiguse kanuni wala seng'enge. Hata fisi mwache kijitabuni. Ila nasikia mnatafuta matroni msaidizi. Cheti sina, lakini usiku siku hizi silali.