Mazabodi Mpya Kuliko ya Wandera

Jumatatu, 8 Juni 1998

Nimeamua. Mashine yangu ya kuchonga chuma itaendeshwa na kompyuta! Kuzungusha kwa mikono basi.

Tangu kiwanda kule Industrial Area kitufute kazi, mashine hii niliyopewa badala ya kiinua mgongo imekaa kwenye kibanda nyuma ya nyumba, hapa Kariobangi South, mahali pa kuanika nguo. Owuor, tuliyefutwa naye kazi siku moja, huja kila asubuhi kunisaidia. Gia moja ya mashine ya posho, kutwa nzima. Jasho tupu.

Ng'ambo ya kichochoro, Wandera anatoa gia kama maandazi. Ana kompyuta. Nimechungulia kwenye tundu la mabati: mota zinasogeza meza ya mashine zenyewe, yeye ameketi anakunywa chai. Ameketi! Wandera, niliyemfundisha mimi kunoa visu.

Mota nimeshafunga. Programu nimenakili. Kilichobaki ni mazabodi, ile bodi kubwa ya ndani inayobeba akili yote ya kompyuta. Lazima nichague vizuri.

Jumanne, 9 Juni

Nimekwenda Umoja kwa Bi Adongo, mwenye chuo cha kompyuta. Hakunipa kiti. Nilimweleza kazi yangu kwa kirefu, naye akanijibu kwa kifupi: nitafute mazabodi ya zamani, ya 486, niiendeshe kwa DOS, ile programu ya kizamani ya kuandika amri, basi. Eti mota zinataka amri moja baada ya nyingine bila kukatizwa hata kidogo. Eti Pentium, ile bodi ya kisasa, na Windows yake ina shughuli nyingi. Itaziacha mota katikati ya kazi ikashughulike na mengine, kisha irudi wakati wowote inaotaka.

Nikauliza Wandera ana ipi. Akasema 486, na ni yeye aliyemchagulia.

Hapo nikakataa. Yaani nimfuate Wandera nyuma kama mkia? Nikashukuru, nikatoka. Mama aliyezoea kufundisha watu kupiga chapa atajua nini kuhusu chuma!

Alhamisi, 11 Juni

Imepatikana! Pentium. Eastleigh, kwa Wehliye. Mpya kabisa, ndani ya mfuko unaong'aa. Inatoa hata sauti. Ya Wandera haitoi sauti.

Wehliye ni mtu mwangalifu. Aliniuliza mara mbili kama ni ya ofisi. Nikasema ni ya karakana. Akashangaa, wenye karakana, akasema, humwomba zile za zamani, na anazo kadhaa, nichague. Nikacheka kama mtu mwenye siri.

Tulibadilishana vitu. Nilimpa cherehani ya mke wangu, Nasike, ambaye alikuwa sokoni.

Aliporudi alisimama pale cherehani ilipokuwa, akiwa bado na kikapu mkononi. Alikuwa na sare za shule za watu za kushona. Nikamweleza kwamba cherehani imegeuka teknolojia. Alikusanya vitambaa vyake, akaenda kuomba cherehani kwa jirani. Nasike hana subira na maendeleo.

Jumamosi, 13 Juni

Inafanya kazi! Mtaa mzima unatazama mpira wa Kombe la Dunia, mimi natazama kitu bora zaidi. Meza inasogea yenyewe, kisu kinakata, gia inatokea!

Niliacha mlango wazi makusudi. Wandera akaja. Akaangalia skrini, akauliza mbona natumia Windows. Nikamuuliza inamuuma wapi. Akasema tu tusiwe tunaikaribia sana ikiwa inazunguka.

Wivu mtupu.

Kasoro ni moja, ndogo. Nikikaa bila kugusa kibodi, samaki wa rangi wanatokea kwenye skrini, wanaogelea. Meza inasimama. Wakishaogelea kidogo, meza inaendelea na safari. Owuor alisema hapendi, niwaondoe. Nikamwambia hayo ni mapumziko, hata kiwandani tulipumzika saa ya chai. Ni samaki wazuri. Nimewaacha.

Jumatatu, 15 Juni

Siwezi kuandika mengi.

Tulikuwa kwenye gia ya tatu. Samaki wakatokea, meza ikatulia. Kisu kilikuwa bado kinazunguka, lakini mbali na mkono. Chenga za chuma zilikuwa zimejaa mezani. Owuor akachukua kitambaa, akaniuliza, "Imesimama kweli?"

Mimi nilikuwa nachungulia kwa Wandera.

"Imelala hiyo," nikamjibu. "Pangusa."

Meza ikaruka. Kisu kikanasa kitambaa, kitambaa kikavuta mkono. Vidole viwili vya mkono wa kushoto. Nilitafuta kitufe cha kuzima nisikione, na ni mimi niliyekiweka. Wandera ndiye aliyevuka kichochoro akang'oa waya wa stima. Wandera ndiye aliyemfunga mkono kwa shati lake. Mimi nilishika mlango. Haukuwa unaanguka. Niliushika tu.

Jumatano, 17 Juni

Hospitali. Owuor amelala akitazama ukuta. Mkewe, Everline, ameketi kando yake. Nilikuwa nimebeba machungwa.

Nilikuwa nimepanga kusema pole. Badala yake nikajisikia nikimweleza Owuor kwamba angetumia brashi wala si kitambaa. Aligeuza kichwa akanitazama, kisha akarudi kwenye ukuta wake.

Everline aliinuka, akanirudishia machungwa mikononi, moja moja. Akasema, "Shemeji, huyu hupiga gita kanisani. Sasa atabana nyuzi na nini?"

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Machungwa yako mezani. Kuyala siwezi, kuyatupa siwezi. Nasike anapita kando yake kana kwamba hayapo, na kando yangu vilevile.

Jumapili, 21 Juni

Kanisani kwaya imeimba bila gita. Waliimba taratibu, wakipotezana. Hakuna aliyeketi kwenye benchi letu. Nilipiga magoti nikaomba kweli, hadi machozi. Nilimwomba Mungu anionyeshe nilipokosea.

Nikiwa bado nimefumba macho, nikaonyeshwa.

Jumanne, 23 Juni

Habari mbaya kwanza. Wandera amemwajiri Owuor. Atakaa kwa kompyuta, kazi inayotosha mkono mmoja. Nimewaona asubuhi wakicheka pamoja. Aliyepita kichochoroni na kunisalimu ni Owuor, si mwingine, na mimi nikainama kama anayetafuta spana. Kuibiana wafanyakazi namna hii si uungwana.

Sasa habari njema. Kosa halikuwa langu, wala la Windows, wala la samaki. Kosa ni kasi! Pentium hii ilikuwa dhaifu. Ingekuwa na nguvu ya kutosha, ingewaogelesha samaki na kusogeza meza kwa wakati mmoja. Wehliye ana mazabodi ya Pentium II. Alinisihi tena nichukue ya zamani, tena kwa upole, kama anayesema na mgonjwa. Nikakataa. Atalipokea kabati letu la vyombo. Vyombo vinaweza kukaa chini.

Msaidizi pia nimempata. Makokha, kaka mkubwa wa Nasike, amewasili jana kutoka Bungoma kutafuta kazi. Nasike amemkataza asikanyage kibandani. Amemkataza mbele yangu, bila kunitazama. Lakini leo nilimvizia kwenye mfereji, akichota maji. Nikamweleza kazi ni nyepesi: kupangusa tu, meza ikitulia.

Amekubali. Anaanza Alhamisi. Tumepeana mikono. Ana kiganja kipana, vidole vinene vya mtu wa shamba.

Vitafaa sana.