Dola ya Nyuma ya Shuka

Sogeeni, enyi mlio na vyumba vyenu, nanyi mnaolala sebuleni kwa watu! Zimeni redio, nyamazisheni vifuniko vya sufuria, mpate kusikia jinsi dola ilivyozaliwa kati ya kabati la vyombo na dirisha, ikavamiwa, ikatetewa, yote katika Jumamosi moja.

Mwasisi wake alikuwa Fundi Kimya, msichana mshonaji, jabali la haya, aliyeinamia cherehani miaka mitatu katika kona ya sebule ya shangazi yake. Hapo alishona, hapo alilala, hapo alibadili nguo chini ya kanga, na watu wakamruka kama wanavyoruka mkeka. Hakutamani makuu. Alitaka mahali ambapo mtu angeuliza kabla ya kuingia.

Ndipo binamu yake, akijisomea mtihani wa uraia kwa sauti, akatamka: "Dola sharti iwe na ardhi yenye mipaka, watu, serikali, na itambuliwe na dola nyingine."

Fundi Kimya akainuka. Akatundika shuka toka msumari hadi msumari, na mipaka ikawa. Ardhi, hatua nne kwa tatu. Watu, yeye. Kwanza alijitawaza malkia, lakini akaona aibu kujiamrisha. Akageuza jamhuri, akaitisha uchaguzi, mgombea mmoja na mpiga kura mmoja, akashinda kwa kishindo ambacho hakuna aliyekisikia. Binamu alipoomba kuhamia na mto wake wa kulalia, nchi ikawa shirikisho, mto ukapewa madaraka yake ya ndani.

Kulibaki kutambuliwa tu. Na ng'ambo ya shuka alitawala Shangazi, Mshika Rimoti, ambaye katika himaya yake bunge lilikuwa yeye, mahakama yeye, na mumewe raia mtiifu wa kochi.

Shangazi akapasua mpaka bila onyo, akitafuta pasi.

"Shangazi," akasema Fundi Kimya, "naomba... uwe unapiga hodi."

"Hodi? Nipige hodi kwenye shuka langu? Hata misumari nimenunua mimi! We mtoto, umeamkaje leo?"

"Mama, hiyo ni jamhuri," binamu akaonya.

"Jamhuri ya nani? Nikishajaribu hilo gauni unalonishonea, jamhuri yenu naitia kwenye beseni la kufulia!"

Rais akageukia ukuta, akalia kidogo, kisha akaendelea kupinda gauni lile lile, maana hata dola inayokufa ina kazi za watu.

Saa tisa Shangazi akarudi kulijaribu. Chumbani kwake fundi umeme alikuwa juu ya ngazi. Sebuleni mumewe na rafiki zake wawili walitazama mpira. Pa kuvulia palibaki mahali pamoja tu. Akaingia nyuma ya shuka, akavua. Gauni lilipofika mabegani, likakwama. Na hapo, loo! kichwa cha mumewe kikachomoza.

"Mama watoto, rimoti iko wapi?"

"Toka! Huoni watu wako humu? Unaingiaje kwa watu bila hodi!"

Ngurumo hiyo ikatikisa vikombe kabatini. Mume akarudi nyuma. "Basi, hodi."

"Subiri huko huko!"

Shangazi, mikono juu, uso ndani ya gauni, alikuwa ametetea mpaka asioutambua. Fundi Kimya akafumua mshono. Akavuta, akafunga vifungo. Shangazi akatoka bila kumtazama.

Punde, nyayo zake zikarudi. Vidole vikashika ukingo wa shuka, vikaachia.

"Hodi." Akakohoa. "Nimesahau miwani. Na hilo shuka... liache kwanza."

Fundi Kimya alisubiri kidogo, kama wafanyavyo wakuu wa nchi.

"Karibu, Shangazi."

Andikeni, enyi mnaojua kuandika, wafundishwe wajukuu: siku ile himaya kongwe ilisimama mlangoni pa nchi ya hatua nne kwa tatu, bila jeshi, bila miwani, ikangoja kujibiwa!