Rimoti Yangu Yasusa Sikukuu ya San Blas

Jumatano, 29 Januari

Kikao cha kamati ya kanisa dogo la mtaa. Joto la kuyeyusha mishumaa. Jambo moja tu mezani: gari gani litaibeba sanamu ya mtakatifu wetu San Blas kwenye maandamano ya Jumatatu.

Miaka yote ni pikapu ya Tacho. Tacho ni kaka wa mke wangu Ermelinda, jirani yangu wa ukuta mmoja, na mtu mwenye sauti kubwa kuliko akili. Safari hii nikasimama. Nikasema mtakatifu ni askofu, si gunia la mihogo. Anastahili kiti cha ngozi na kiyoyozi. Gari langu limetoka Japani, likashushwa bandarini Iquique, Chile, likavuka milima yote ile mpaka hapa kwetu Villarrica, Paraguay. Halizungushwi ufunguo! Rimoti tu. Unabofya, linaitika.

Tacho akauliza lini San Blas aliomba kubofya. Ukumbi mzima ukacheka. Watu wa mji huu hucheka hata mazishini.

Ña Pabla, mwenyekiti wetu, mama mwenye sauti ya kengele, akakata shauri: gari litakalotangulia kufika mlangoni mwa kanisa Jumatatu asubuhi ndilo litakalombeba. Basi.

Ermelinda amemshonea mtakatifu joho jipya jekundu. Ni nadhiri. Mwaka jana binti yetu alikabwa na mwiba wa samaki, na San Blas ndiye bwana wa makoo. Mke wangu anataka amvike mwenyewe, kisha akae kando yake njia nzima. Nimemwahidi atakaa ndani ya gari letu. Nimeapa.

Alhamisi, 30 Januari

Nimepata!

Tacho ana geti jipya la umeme. Tangu Krismasi hatulali kwa majigambo. Anakaa ndani ya pikapu, anabofya, geti linateleza lenyewe, anatutazama kama gavana. Sasa basi: geti lisipofunguka, pikapu haitoki. Mtoto mdogo angeelewa.

Nikaenda stendi ya mabasi kwa yule jamaa anayeleta bidhaa kutoka Ciudad del Este, mpakani. Akanitolea kidude kama kipande cha sabuni, antena tatu, taa nyekundu, waya wa kuchomeka ukutani. Akasema kinaziba rimoti zote zilizo karibu. Nikamwambia mimi nataka kuziba moja tu. Akasema bei ni ileile. Nikaona nimempunja.

Ermelinda akauliza ni nini. Nikasema cha kufukuza mbu. Akanibusu shavuni! Hajanibusu tangu nilipopaka choo rangi.

Jumamosi, 1 Februari

Asubuhi nimeosha gari hadi linang'aa. Ermelinda akalilaza joho kiti cha nyuma juu ya shuka jeupe, lisipate mikunjo. Nikabofya, likafunga. Mlio mtamu.

Kisha nikachomeka kidude barazani, pembeni ya ukuta wa Tacho. Nikavuta kiti. Nikatengeneza tereré, chai yetu baridi ya majani, kwa barafu nyingi. Nikasubiri.

Akarudi na pikapu imejaa barafu na nyama ya sikukuu. Akabofya. Kimya! Akabofya tena. Akanyoosha mkono juu, akashuka, akabofya akiwa ameinama, akaibusu rimoti, akaitukana. Barafu inadondoka chini kama mkojo wa ng'ombe. Sijafurahi hivi tangu harusi yangu, na harusini sikufurahi hivi.

Nikachungulia ukutani, nikamshauri kwa upole:

"Badilisha betri, shemeji."

Akanishukuru! Akabadilisha. Kimya.

Ila baadaye mambo yakaharibika. Akalisukuma geti kwa mabega, akashusha vitu vyake, kisha akatangaza kwamba geti halimwamini naye haliamini, kwa hiyo pikapu italala uani kwa Ña Pabla mpaka Jumatatu. Ña Pabla anakaa mkabala na kanisa!

Si kitu. Nitaamka kabla ya jogoo. Nilitaka kukizima kidude, lakini Ermelinda amekataa. Anasema mbu wamepungua kweli.

Jumapili, 2 Februari

Siku ya balaa.

Tulitaka kwenda misa. Nikabofya. Kimya. Nikabofya kwa kidole gumba, kwa kidole cha kati, kwa vyote viwili. Gari limekaa tu, linaniangalia kama sijawahi kulilipia.

Betri, nikasema. Nikatoa ya saa ya ukutani. Haingii. Nikatumwa dukani, nikaleta ya duara kama kidonge, nikaiweka. Kimya. Ermelinda akasema nimeiweka kichwa chini. Nikaigeuza. Kimya. Nikaisugua rimoti kwa pombe kali. Nikaianika juani. Mtu mmoja dukani aliniambia niibane kidevuni nikibofya, eti kichwa hukuza mawimbi. Nikaibana. Nikazunguka gari nikiwa nimeinua kidevu kama jogoo anayemeza punje. Mtaa wote umetoka nje na viti.

Tacho naye ukutani, mdomo mpaka masikioni.

"Badilisha betri, shemeji!"

Akasema anamfahamu fundi wa kufuli, rafiki yake, atakuja hata leo. Sitaki fundi wa Tacho. Afadhali nitembee kwa miguu mpaka kaburini.

Mchana nikagundua ndani ya rimoti kumefichwa kijifunguo cha chuma. Wajapani wana akili! Nikakiingiza mlangoni, nikakizungusha. Kigumu. Nikatia nguvu. Tak! Nusu mlangoni, nusu mkononi.

Na joho linaonekana pale pale, nyuma ya kioo, na nyuzi zake za dhahabu. Ermelinda ameweka paji la uso kwenye kioo. Mabega yalikuwa yanatikisika. Miezi minane alishona lile joho, mpaka machozi yakamtoka kwa taa mbaya ya jikoni kwetu.

Nilifikiria kuvunja kioo. Nilifikiria kwa dhati kabisa, jiwe mkononi. Lakini kioo kile ni cha asili, kimetoka nalo Japani. Nikarudisha jiwe.

Jumatatu, 3 Februari. San Blas.

Jogoo hajawika, mimi nje na rimoti. Kimya. Kengele za kanisa zinalia. Nimepiga magoti mbele ya taa za gari, nikaahidi mishumaa, nikaahidi kuacha bia, nikapunguza ikawa bia ya Jumapili tu.

Nikabofya tena, na ghafla: pip! Taa zikawaka, milango ikafunguka. Muujiza! Nikapaza sauti: San Blas, baba wa makoo na milango!

Ermelinda akatoka barazani, pasi mkononi. Alikuwa amechomoa waya wa kidude apate soketi ya kupigia gauni pasi. Akanitazama. Akaitazama rimoti. Akarudi, akachomeka kidude. Akaniambia nibofye. Kimya. Akakichomoa. Nibofye. Pip!

Akaniuliza taratibu:

"Nimio, huyu mbu anaitwa nani?"

Nikasema labda ni mambo ya umeme wa serikali. Akachukua joho, akalibeba mikononi kama mtoto aliyelala, akaenda kwa miguu.

Nilipofika na gari langu, pikapu ilikuwa mlangoni, imepambwa maua. Ermelinda amekwisha kumvika mtakatifu. Joho limemkaa utafikiri alizaliwa nalo. Mke wangu akapanda nyuma ya pikapu ya kaka yake, akakaa kando ya San Blas, akalia, safari hii kwa furaha. Alipendeza. Nilitaka kumwambia. Hakutazama upande wangu.

Tacho akaja dirishani kwangu, akasema kwa sauti ya kusikika hadi sokoni:

"Shemeji, hao mbu wako wanauma watu au mageti?"

Ña Pabla alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, ikabidi padri ambariki koo kabla ya zamu yake.

Wakanipanga mwisho wa msafara, nyuma ya mkokoteni wa kuuzia chipa, vile vimkate vya jibini. Padri akaomba kimya cha sala. Nikalirudisha gari nyuma kidogo nipate kivuli, nalo likaanza kuhutubia onyo lake la kurudi nyuma kwa Kijapani, kwa sauti ya mwanamke, mbele ya mtaa mzima uliopiga magoti. Bibi mmoja alipiga ishara ya msalaba mara tatu.

Jumanne, 4 Februari

Ermelinda yuko kwa Tacho. Amesema atarudi mbu wakiisha. Nimekula chipa kavu, peke yangu.

Nimetafakari sana. Mtu mzima lazima akiri kosa lake, nami nakiri: kidude kilikuwa kidogo mno. Kingekuwa na nguvu, kingeizima na pikapu yenyewe.

Nimerudi stendi. Jamaa anacho kikubwa, antena kumi na mbili. Hakihitaji soketi wala hakina swichi ya kukizimia. Ukishakiwasha kinajiendea chenyewe mwaka mzima. Nikamuuliza kinafika wapi. Akasema kinaziba mtaa wote, hata nyumba moja haisalii.

Mtaa wote! Tacho atajificha wapi?

Nimekiwasha palepale, kisha nikabonyeza kufuli la ndani ya mlango, nikakifungia ndani ya gari kisiibwe.